Mkrismasi Bustanini: Chagua Mahali Kwanza

Kila kiangazi watu huulizana mbona mkrismasi umepukutisha majani yote, na wengine hukimbilia panga. Tafadhali usiukate. Mti huu asili yake ni misitu mikavu ya Madagaska, nao hupumzika wakati wa ukame. Mvua za vuli zikikaribia, maua mekundu hutokeza kwenye ncha za matawi, hasa Novemba na Desemba huku kwetu. Ukipogoa kabla ya hapo, umeondoa maua ya msimu mzima. Pogoa maua yakishaisha.

Makosa makubwa zaidi hufanyika siku ya kupanda. Mche wa kimo cha goti hupandwa pembeni mwa ukuta kwa sababu pana nafasi leo. Mti uliokomaa hufikia mita 10 hadi 15, na mwavuli wake mara nyingi hutanuka kuliko kimo. Mizizi hutambaa juujuu, ikainua sakafu na kupasua ukuta. Weka angalau mita 8 kati ya mti na nyumba, karo au bomba la maji. Kama ua wako ni mdogo, ushauri wangu ni kupanda msanapichi (frangipani). Nao hupukutika kiangazi, lakini hubaki mdogo.

Mbegu zina ganda gumu sana. Zikwaruze ubavuni kwa tupa, au zimwagie maji yaliyotoka kuchemka uziache humo hadi kesho yake. Zilizovimba zipande kwenye viriba, kina cha sentimita 2 hivi. Zisizovimba zirudie.

Mvua zikianza, chimba shimo la sentimita 60 kila upande, changanya udongo na debe la samadi iliyooza vizuri, kisha panda. Mwagilia mwaka wa kwanza, na uangalie mchwa. Baadaye punguza maji, wala usiweke urea: majani yatajaa, maua yatakuwa haba.

Kazi inayosahaulika ni kuulea mti ungali mdogo. Acha shina moja, ondoa matawi ya chini kidogo kidogo hadi mita 2. Ukiona mashina mawili yanashindana kutoka sehemu moja, ondoa moja mapema, kwa kuwa mbao zake ni dhaifu na upepo hupasua panda za namna hiyo.

Mti uliotokana na mbegu huchukua miaka 5 au zaidi kuchanua. Chini yake usipange kulima mchicha, maana kivuli na mizizi havitauruhusu, weka benchi.