Somo: Cc 1000, 1300 au 1500? Kuchagua injini ya gari dogo la mkono wa pili Nairobi

Mtu akitafuta Toyota Vitz, Mazda Demio, Nissan Note au Honda Fit ya mkono wa pili hapa Nairobi, huuliza mwaka kwanza, kisha rangi, kisha bei. Injini huja mwisho, na jibu la broka ni lile lile: "Hii haili mafuta." Mimi naamini injini ndiyo iulizwe kwanza. Bodi ile ile ya Vitz inaweza kuwa na injini ya cc 1000, 1300 au 1500, na tofauti hiyo utaishi nayo kila siku ukipanda Waiyaki Way na familia ndani.

Msimamo wangu nautanguliza: injini ndogo si lazima iwe nafuu. Ikilazimishwa kubeba isichokiweza, hunywa mafuta kama kubwa na huchoka mapema. Chagua kwa mlima na mzigo wako.

Hatua ya 1: Andika safari zako

Chukua karatasi uandike unakokwenda kwa wiki, na watu wangapi, na barabara gani. Anayetoka Donholm kwenda mjini peke yake kwenye foleni ya Jogoo Road ana mahitaji tofauti kabisa na anayepeleka watoto watatu shuleni kutoka Kikuyu, au anayekwenda Nyahururu kila mwisho wa mwezi akirudi na magunia ya viazi.

Kisha piga hesabu ya mafuta kwa shilingi, si kwa maneno. Tuseme unaendesha kilomita 800 kwa mwezi na lita ni shilingi 180 (bei halisi utaipata kwenye tangazo la EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, la kila tarehe 14). Gari linalokwenda kilomita 15 kwa lita litakula lita 53 na ushee. La kilomita 13 na nusu litakula lita 59. Tofauti haifiki shilingi 1,100. Watu hukataa injini inayowafaa kwa ajili ya pesa hiyo, kisha wanalipa mara nyingi zaidi gereji.

Takwimu za Japani zinazobandikwa kwenye kioo usizitegemee. Kipimo cha JC08 hufanywa gari likiwa juu ya rola ndani ya maabara, na maabara haina matuta ya Outering Road.

Hatua ya 2: Jua injini iliyomo kweli

Hapa ndipo watu wengi hudanganywa, na kujikinga ni rahisi mno. Fungua boneti utafute kibati chenye msimbo wa modeli. Kwa Toyota, herufi za mwanzo zinataja familia ya injini. Vitz ya kizazi cha tatu, iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa 2010, ikiandikwa KSP130 ina 1KR-FE, silinda tatu, cc 996. NSP130 ina 1NR, silinda nne, cc 1329. NCP131 ni toleo la RS lenye 1NZ-FE ya cc 1496. Kwa kizazi cha pili, KSP90 ni cc 1000, SCP90 ni cc 1300 ya 2SZ, na NCP91 ni cc 1500.

Basi muuzaji akikuambia "hii ni thatini handred" (cc 1300) na kibati kinasema KSP, umeshapata jibu. Linganisha pia na cc zilizoandikwa kwenye logibuku, na namba ya injini iliyochongwa kwenye chuma chenyewe. Visipofanana, ama injini imebadilishwa bila kuandikishwa NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) au kuna jambo baya zaidi. Usitoe hata shilingi ya kushika gari mpaka maelezo yatoke na yathibitishwe.

Hatua ya 3: Pima nguvu kwa mwinuko wetu

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na Limuru inapita 2,200. Hewa ya huku ni nyepesi. Injini isiyo na turbo (pampu inayosukumwa na ekzosi kujaza hewa ndani ya injini) huvuta hewa kwa nguvu zake yenyewe, na kwa makadirio hupoteza asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda. Ndiyo maana gari lililokuwa jepesi Mombasa linaonekana limelegea likifika hapa.

Kiwandani, 1KR ya KSP130 hutoa nguvu farasi 69, 1NR-FE hutoa 95, na 1NZ ya RS hutoa 109. Ondoa asilimia kama 17 na ile ya cc 1000 inabaki na farasi 57 hivi hapa mjini. Gari lenyewe lina uzito wa karibu kilo 970. Ongeza watu wazima watano na kiyoyozi, halafu ulipeleke Kinungi. Litapanda, ndiyo, lakini mguu wako utakuwa sakafuni na injini inapiga kelele nyuma ya lori. Hapo hakuna akiba ya mafuta tena, na kupita gari jingine kunakuwa hatari ya kweli. Hili la usalama nalisisitiza kwa sababu wauzaji hawalitaji kamwe.

Kwa hiyo mimi nagawa hivi. Mtu mmoja au wawili, ndani ya mji, foleni nyingi: cc 1000 inatosha na ni nzuri sana. Familia, au mtu wa Kikuyu, Limuru, Ngong na Kiserian: anzia cc 1300. Safari ndefu za mara kwa mara na mzigo: cc 1500, kwa mfano Fit yenye injini ya L15A, Demio ya ZY au Note ya kizazi cha kwanza yenye HR15DE.

Hatua ya 4: Giaboksi ni nusu ya injini

Mengi ya magari haya yana CVT, yaani giaboksi ya otomatiki isiyo na gia za hatua. CVT nzuri ni laini na hubana mafuta. Iliyotunzwa vibaya hukuachia bili inayokaribia ya injini. Uliza ni mafuta gani yalitiwa mara ya mwisho. Toyota ya kizazi cha tatu hutaka CVT Fluid FE, Nissan hutaka NS-2 au NS-3 kulingana na modeli, na ATF ya kawaida (mafuta ya giaboksi za otomatiki zenye gia) iliyotiwa na fundi wa haraka huiua taratibu. Ukiendesha, sikiliza mvumo unaopanda pamoja na mwendo, na uhisi kama gari linasita au kutetemeka likiondoka.

Demio iliyoanza 2014 ina gia sita za otomatiki ya kawaida. Kwa anayepanda milima, nalipenda jambo hilo.

Hatua ya 5: Iwashe ikiwa baridi

Mwambie muuzaji mapema asiiguse injini. Ukifika, weka mkono juu ya boneti. Ikiwa ya moto, rudi siku nyingine, maana injini ya moto huficha mengi.

Kabla ya kuwasha, chomoa kijiti cha oili. Oili nyeusi ni ya kawaida. Iliyo chini ya alama inakuambia mwenyewe hajali au injini inaila. Fungua kifuniko cha oili: tope jeusi zito ni servisi zilizorukwa, na ute kama wa maziwa unaweza kuwa maji yaliyoingia. Fungua radieta pia, ikiwa baridi tu. Ukikuta maji ya bomba yenye kutu badala ya kulanti (maji maalumu ya kupoza injini), jua pampu ya maji na gasketi viko mashakani. Kwenye 1KR na 1NR, mulika tochi upande wa mkanda wa nje utafute ukoko mweupe au wa waridi karibu na pampu. Hiyo ni alama ya kuvuja.

Sasa washa. Injini hizi za Toyota nilizotaja zote zina cheni, si mkanda wa taiming, kwa hiyo mlio wa mnyororo unaoendelea baada ya kuwaka si wa kupuuzwa. Silinda tatu hutetemeka kidogo ikiwa imetulia. Huo ni umbile lake, usiogope. Mtetemo unaopigapiga bila mpangilio ndio mbaya. Iache dakika kumi, kisha kanyaga mafuta ghafla huku mwenzako akitazama ekzosi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikishapata moto, wenye harufu tamutamu, ni kulanti.

Hatua ya 6: Fundi wako, si wa yadi

Mlipe fundi asome hitilafu kwa mashine na apime kompresheni (mgandamizo wa hewa) ya kila silinda. Akilinganisha na kitabu, mkumbushe mwinuko: hapa namba hutoka chini kuliko za kitabu kwa sababu hewa ni nyepesi. Linganisha silinda kwa silinda. Moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 15, kuna jambo. Wa yadi ya Ngong Road au Kiambu Road wakikataa fundi wa nje, ondoka.

Hatua ya 7: Mlima

Jaza watu wanne, washa kiyoyozi, panda Waiyaki Way kutoka Westlands hadi Uthiru. Angalia kipimo cha joto au taa yake, sikiliza, uhisi kama linavuta. Ukirudi, achilia mafuta kwenye mteremko kisha ukanyage tena, na mtu wa gari la nyuma atazame moshi.

Kabla ya kufunga biashara, pita Kirinyaga Road uulize bei ya pampu ya maji, plagi, na injini ya mtumba ya aina hiyo. Spea za Vitz utazikuta kila kona. Za modeli adimu utaambiwa "njoo kesho".

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwanachama, Umoja: Mwalimu, mimi ni kazini na kurudi, na kanisani Jumapili. Cc 1000 itanitosha?*

Itakutosha vizuri, dada. Tafuta KSP130 iliyotunzwa. Kama ina mfumo wa kuzima injini kwenye foleni, uliza bei ya betri yake kwanza, kwa sababu hutaka betri maalumu iliyo ghali kuliko ya kawaida.

*Mwanachama, Rongai: Nataka gari la kazi ya teksi ya programu. Wenzangu wote wanasema elfu moja.*

Ndugu, wewe hesabu yako ni tofauti. Ukienda kilomita 4,000 kwa mwezi, ile tofauti ya kilomita 15 na 13 na nusu kwa lita inakuwa lita 30 hivi, yaani zaidi ya shilingi 5,300 kwa bei ile ile ya 180. Hizo ni pesa. Lakini teksi hubeba abiria watatu wanne na mizigo, na hapo pengo hupungua. Kama kazi yako ni katikati ya mji, wenzako wako sawa. Ukipokea safari nyingi za Ngong, Kikuyu na uwanja wa ndege wenye masanduku, mimi ningechukua 1300. Vyovyote utakavyochagua, badilisha oili kila kilomita 5,000, kwa maana foleni huichosha injini hata pale kilomita hazisongi.

*Mwanachama, Ngong: Umesema injini isiyo na turbo hupoteza nguvu huku juu. Basi si bora Volkswagen Polo ya TSI, yenye turbo?*

Mzee, kwa nguvu hujakosea. Turbo hujazia hewa iliyopungua, na Polo ya TSI 1.2 hupanda Ngong Road bila kulalamika. Ila tazama nyuma ya nguvu hiyo. Injini za 1.2 za mwanzo zina cheni inayojulikana kwa kurefuka, nozeli hupuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda hivyo vali hujaa kaboni, na giaboksi ya DSG ya gia saba yenye klachi kavu haipendi foleni ya kusukumana. Ukiwa na fundi anayeijua na akiba ya matengenezo, nunua. Ukitegemea gereji ya mtaani, kaa na 1NR.

*Mwanachama, Kikuyu: Na Note ya superchaja?*

Nimeipenda kwa mlima, kwa sababu superchaja ni pampu ya hewa inayoendeshwa na injini yenyewe. HR12DE ya kawaida ina farasi 79. Yenye superchaja, HR12DDR, ina 98 na inavuta mapema. Lakini kibati na nembo vithibitishwe, kwa kuwa Note nyingi za cc 1200 zilizoko sokoni hazina superchaja ingawa tangazo linasema inayo. Na servisi ya CVT iwe na ushahidi.

*Mwanachama, South B: Aqua je? Ina injini ya 1500 lakini wanasema inabana mafuta kuliko zote.*

Kwenye foleni, ndiyo, kwa sababu ni haibridi, na mota ya umeme hufanya kazi kubwa mwendo ukiwa mdogo. Injini ya Aqua ya kizazi cha kwanza, 1NZ-FXE, ni imara. Kinachoamua ni betri kubwa. Usikubali neno la mdomo kwamba "betri iko sawa". Mashine isome hali ya kila sehemu ya betri gari likiwa barabarani. Kagua pia tundu la hewa lililo kando ya kiti cha nyuma. Likizibwa na vumbi au mikoba, betri huchemka na kufa mapema.

*Mwanachama, Kasarani: Demio ya dizeli inauzwa bei nzuri karibu na kwangu. Nichukue? Safari zangu ni fupi, Kasarani hadi Roysambu.*

Hapana, dada yangu. Ile Skyactiv-D ya 1.5 ina nguvu ya kupendeza, lakini ina chujio la masizi kwenye ekzosi linalohitaji mwendo mrefu wa kasi ili lijichome na kujisafisha. Safari za dakika kumi hulijaza, na njia ya hewa nayo hujaa kaboni. Inamfaa mtu wa safari ndefu za Nakuru na Mombasa.

*Mwanachama, Kangemi: Nina Vitz ya elfu moja tayari. Fundi ameniambia anaweza kunitilia ya 1300 ya mtumba.*

Inawezekana, lakini usihesabu injini peke yake. Kuna giaboksi yake, mauntini (vishikizo vya injini), waya na kompyuta ya injini, na ekzosi. Baada ya hapo lazima mabadiliko ya injini yaandikishwe NTSA na bima ijulishwe, la sivyo siku ya kuuza au ya ajali utapata taabu. Mara nyingi kuuza KSP iliyo nzima na kuongeza pesa upate NSP hutoka nafuu. Kabla ya hayo yote, badilisha plagi na chujio la hewa, safisha throto (mlango wa hewa ya injini), uangalie kama breki hazishiki. Vitz nyingi zinazosemwa hazivuti zina dosari mojawapo kati ya hizo.