Kupiga hesabu ya lishe ya tamale ya kuku unayopika mwenyewe

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia dada mmoja wa Mombasa anayeishi Houston. Majirani zao Wameksiko wamewazoesha tamale, yaani donge la mahindi lenye nyama ndani, lililofungwa kwa ganda au jani na kupikwa kwa mvuke, na mumewe, ambaye ana kisukari, ameambiwa ahesabu wanga. Akatafuta kwenye intaneti, kila ukurasa ukampa namba yake. Si ajabu: tamale si moja. Ya Oaxaca, kusini mwa Meksiko, hufungwa kwa jani la mgomba ikatiwa mole (mchuzi mzito wa pilipili na viungo), ya Mexico City hufungwa kwa ganda la mahindi, na zacahuil, tamale kubwa mno ya eneo la Huasteca, moja tu hulisha ukoo mzima. Namba ya kuaminika ni ile utakayoitoa kwenye sufuria yako.

Jinsi ya kupika sielezi hapa. Nachukulia unajua kuloweka maganda, kukanda, kufunga na kupika kwa mvuke.

Hatua ya 1: Mizani

Mizani ya dijitali, ya gramu. Vikombe viache kabatini: kikombe cha unga ulioshindiliwa na kikombe cha unga uliochekechwa ni vitu viwili tofauti. Programu za simu za kuhesabu kalori nazo sizipendi, maana nyingi zimejaa namba zilizoingizwa na watumiaji wenyewe. Tumia jedwali la FoodData Central la wizara ya kilimo ya Marekani, ambalo ni la bure, pamoja na karatasi na kikokotoo.

Hatua ya 2: Andika kila kinachoingia

Huu ndio mfano nitakaoutumia, unatoa tamale 20:

- masa harina (unga mkavu wa mahindi yaliyopitia chokaa) gramu 500
- maji au supu isiyo na chumvi mililita 700
- mafuta gramu 200
- chumvi gramu 10, beking pauda gramu 5
- nyama ya kidari cha kuku iliyochemshwa na kuchambuliwa, bila ngozi, gramu 400
- salsa (mchuzi) ya tomatillo, tunda la kijani linalofanana na nyanya, gramu 400

Hatua ya 3: Masa (hapa usiwe na haraka)

Hesabu nyingi huharibikia hapa, na huharibika kwa njia tatu.

Ya kwanza ni kuchagua mstari usio wake kwenye jedwali. Masa, yaani donge la mahindi la tamale, si unga wa ugali. Mahindi yake huchemshwa kwenye maji ya chokaa, yakalala humo usiku kucha, yakaoshwa, ndipo yakasagwa. Kwa hiyo gramu 100 za masa harina zina kalsiamu ya miligramu 138 hivi, wakati unga wa mahindi wa kawaida haufikishi hata 10. Chokaa hiyo hiyo huifungua niasini (vitamini B3) iliyojificha kwenye punje ili mwili uweze kuichukua. Ndiyo maana Wameksiko waliishi kwa mahindi karne na karne bila kuandamwa na pelagra, ugonjwa wa kukosa niasini, wakati maskini wa kaskazini mwa Italia na wa kusini mwa Marekani, waliokula mahindi yasiyopitia chokaa, waliumwa na kufa kwayo. Kwa hiyo usichukue namba za sembe wala dona. Wala usijaribu kuzipika tamale kwa unga huo, hazishikani.

Ya pili ni maji. Namba za jedwali ni za unga mkavu: gramu 100 zina kalori 363, protini gramu 8.5, mafuta 3.7, wanga 77 na nyuzinyuzi 6.4. Ukishakanda, bakuli letu lina donge la gramu 1,415. Mtu akipima donge hilo na kulihesabia kwa namba za unga anapata kalori zaidi ya 5,100, wakati unga na mafuta yake kwa pamoja ni 3,620 tu. Hiyo ni ziada ya kalori 76 hivi kwa kila tamale, na zote zimetoka kwenye maji. Pima unga ukiwa mkavu, kabla haujagusa kitu.

Na ukinunua masa mbichi kutoka kwa msagaji? Chukua gramu 100, zitandaze nyembamba kwenye sahani ya bati, zikaushe kwenye oveni ya nyuzi 105 za Selsiasi mpaka uzito uache kushuka. Tuseme zimebaki gramu 45. Masa harina yenyewe ina unyevu wa karibu asilimia 9, kwa hiyo gawanya 45 kwa 0.91 upate takriban 49. Maana yake kila gramu 100 za masa yako ni sawa na gramu 49 za unga. Fanya hivi kila unapobadilisha duka, kwani kila msagaji ana maji yake.

Ya tatu ndiyo iliyomchosha dada yangu wa Houston. Madukani masa huuzwa ya aina mbili, isiyotiwa kitu na *masa preparada*. Hii ya pili imeshatiwa mafuta na chumvi, na mara nyingi mafuta hayo ni ya nguruwe. Asiyekula nguruwe anaweza kuikanda bila kujua, na anayehesabu atatia mafuta juu ya mafuta. Uliza kabla hujalipa. Muuzaji akisitasita, nunua unga mkavu.

Hatua ya 4: Mafuta

Mafuta ya nguruwe yana kalori 902 kwa gramu 100. Mafuta ya mboga yaliyoganda, aina ya Kimbo, hayako mbali na hapo. Kwa hiyo kubadilisha kwa sababu ya dini ni sawa, lakini usidhani umepunguza kalori. Gramu zetu 200 zinatoa 1,804, na unga wote wa gramu 500 unatoa 1,815. Wanaoyalaumu mahindi waitazame hesabu hii tena.

Hatua ya 5: Nyama na salsa

Kama umepima kuku aliyeiva, chagua mstari wa aliyeiva. Hapa ni kalori 600 na protini gramu 116. Salsa ni kalori 140 hivi.

Hatua ya 6: Jumlisha, gawanya

Jumla ni karibu 4,360. Kwa tamale 20, kila moja ina kalori 218, protini gramu 8, mafuta 12, wanga 20, nyuzinyuzi 2. Sodiamu ni miligramu 220 hivi, nyingi ikitoka kwenye chumvi, lakini usiisahau beking pauda.

Gawanya kwa idadi, si kwa uzito baada ya kupika. Ganda lililolowa hupandisha mizani na halina anayelila.

Mume wa dada yetu hesabu yake haiishii kwenye tamale. Akiila ndani ya mkate wa bolillo kama wafanyavyo Mexico City asubuhi, mlo uitwao guajolota, bolillo ya gramu 70 inaongeza wanga wa gramu 35 hivi. Atole (kinywaji kizito cha mahindi) yenye sukari ihesabiwe peke yake.

Hatua ya 7: Hakiki

Zidisha protini kwa 4, wanga kwa 4, mafuta kwa 9, ujumlishe. Kwa mfano wetu: 32 + 80 + 108 = 220. Ikipishana na kalori zako kwa zaidi ya asilimia 5, rudi hatua ya 3.

Ukitaka kupunguza, punguza mafuta. Kwa gramu 150 badala ya 200, kila tamale inashuka kalori 22 au 23. Yapige mafuta peke yake mpaka yawe meupe na mepesi kabla ya kutia unga, kisha dondosha kipande cha masa kwenye glasi ya maji: kikielea, funga, kikizama, endelea kupiga. Chini ya gramu 120 kwa unga huu mimi sishuki, tamale hutoka ngumu na watoto huziacha sahanini.