Somo: Kupunguza masalia ya viuatilifu mwilini mwa ng'ombe wa maziwa

Ndugu wafugaji, swali la namna ya kupunguza sumu ya dawa za wadudu na kupe inayobaki mwilini mwa ng'ombe nimelijibu mara nyingi mno, kwa hiyo naliandika hapa ili kila atakayeuliza aelekezwe.

Kwanza, tafuta sumu inapoingilia: majani, maji, pumba au dawa ya kupe.

Pili, pima dawa ya kupe kama lebo inavyoelekeza, na siku za kusubiri kabla ya kuuza maziwa au kuchinja zitimie. Dawa ya mazao asipuliziwe ng'ombe kamwe.

Tatu ni malisho, na hapa ndipo nilipokosea. Nilikuwa na matete kando ya shamba la nyanya, nikaamini ni salama kwa kuwa sikuyapulizia. Asubuhi moja nikikata, nikaona vitone vyeupe vilivyokauka juu ya majani, vyote upande uliokuwa ukipokea upepo kutoka kwenye nyanya. Na kwa majuma kadhaa ng'ombe alikuwa akila majani hayo huku ndama akinyonya. Siku hizi matete ya ukingoni siyalishi, na mabua ya mahindi yaliyopuliziwa dawa ya viwavijeshi siyakati kabla siku za lebo hazijatimia. Angalieni: kuosha majani hakutoshi, kwani dawa nyingine huingia ndani ya mmea, na pipa lililobeba sumu halifai kunyweshea, hata lisuguliwe vipi.

Nne, usimkondeshe ng'ombe ukidhani sumu itapungua; sababu iko kwenye maswali hapa chini.

Maswali

— Nikichemsha maziwa, sumu haiishi?

Haiishi. DDT, dawa ya zamani ya kuulia wadudu, kwa mfano, hustahimili moto wa jikoni na hukaa kwenye mafuta ya maziwa. Rudia hatua ya kwanza.

— Jana nimempulizia dawa ya nyanya, kupe wamekufa wote. Leo niuze maziwa?

Usiuze. Nimeandika "kamwe". Mwite daktari wa mifugo leo hii.

— Mwalimu, mafuta ya mwilini mwa ng'ombe yakipungua, sumu nayo si hupungua?

Umeuliza jambo la msingi. Mafuta yanapotumika mwilini, sumu iliyohifadhiwa humo hurudi kwenye damu, na kwa ng'ombe anayekamuliwa hutokea kwenye maziwa. Mlishe vizuri chakula safi, mwili uitoe polepole. Kwa zile za jamii ya DDT, hesabu miezi.

— Na mkaa?

Mkaa maalumu wa daktari hunasa sumu ikiwa bado tumboni; iliyokwisha kuingia kwenye mafuta hauitoi. Mkaa wa jikoni si dawa hiyo.

— Mimi nina mabomba mawili ya kupulizia dawa, la mazao na la mifugo. La mifugo nimelifunga kitambaa chekundu.

Vizuri sana, ndugu yangu. Tenga na kopo la kupimia, maana ndilo husahaulika.