Jinsi ya kutengeneza kitendawili cha kubofya na wanafunzi wako

Walimu wenzangu wa Kiswahili, kama uliwahi kukaa mbele ya bibi akatega kitendawili ukashindwa, akasema "nipe mji", basi haipateksti unaijua siku nyingi. Neno hilo alilitunga Mmarekani Ted Nelson miaka ya 1960, na jambo lenyewe ni maandishi yenye njia zaidi ya moja, msomaji ndo anaamua aelekee wapi. Ukipatia unapita huku, ukikosa unatoa mji unapita kule. Ndo maana mi nawaanzisha wanafunzi na kitendawili, hadithi ndefu zitakuja baadae.

Programu ninayotumia ni Twine, ilianzishwa na Chris Klimas mwaka 2009, ni ya bure na inafunguka kwenye brauza kupitia twinery.org. Huhitaji kujua kuandika programu za kompyuta.

Ila kompyuta msiiguse kwanza. Gawa darasa vikundi vya watu wanne, kila kundi lichane karatasi vipande sita au saba wavitandaze mezani, kipande kimoja ukurasa mmoja. Cha kwanza kiandikwe "Kitendawili! Tega! Nyumba yangu haina mlango", chini yake majibu matatu, tuseme chungu, yai, kaburi. Yai linaenda kwenye kipande cha pongezi, mengine mawili yote yanaenda "Nipe mji". Hapo kwenye mji sasa usiwe na haraka jamani, maana ndo penye uandishi wenyewe! Weka Tanga, Kigoma, Lamu, na kila mji upate aya yake kama wafanyavyo wategaji wazuri, yaani nimefika Tanga nimepokelewa vizuri, nimekula machungwa ya Muheza mpaka nimeshiba, na watu wa huko wakaniambia jibu ni yai. Mtoto ambaye insha ya ukurasa mmoja inamshinda utakuta anaandika miji mitatu bila kulazimishwa.

Karatasi zikikaa sawa, nendeni kwenye Twine mfungue hadithi mpya. Utaona kisanduku, kibofye mara mbili uandike. Kutengeneza linki unaweka neno ndani ya mabano ya mraba mawili mawili, hivi: [[Yai]]. Kisanduku kipya kinatokea chenyewe na mshale unaokiunganisha na cha kwanza. Ukitaka msomaji aone neno hili lakini aende ukurasa wenye jina lingine, andika [[Chungu->Nipe mji]]. Angalieni sana herufi, kwa Twine "Nipe mji" na "nipe mji" ni kurasa mbili tofauti, na wanafunzi wengi wanakwama hapa hapa, wanabofya wanakuta ukurasa mtupu wanadhani kompyuta imeharibika.

Kuhifadhi sasa, hili nalisema kwa uchungu. Twine ya kwenye brauza inaweka kazi ndani ya brauza ya kompyuta hiyo hiyo, haiendi popote. Tulifanyia kazi kwenye kompyuta za watu, wakasafisha historia ya brauza jioni, asubuhi kazi ya wiki mbili ya darasa zima haipo. Kwa hiyo kila mkimaliza kipindi nenda sehemu ya Library ubonyeze Archive, faili uweke kwenye flashi.

Mkimaliza kabisa, nenda Build halafu Publish to File, utapata faili moja la HTML, yaani ukurasa wa kufungulia kwenye brauza. Kama hamjaweka picha ni dogo tu, linatumwa kwa WhatsApp kama dokumenti na likishafika kwenye simu linafunguka bila bando. Wapelekee darasa lingine, na kabla hawajabofya mmoja asome kwa sauti "Kitendawili!", wenzake waitikie "Tega!", halafu wabishane jibu ni lipi, na anayeshika simu asibofye mpaka wote wakubaliane.