Laptopu inamaliza chaji fasta? Pitia setingi hizi kwanza kabla hujatoa hela ya betri

Wengi wetu laptopu tulizonazo ni used, zile EliteBook, Latitude na ThinkPad ambazo zimeshapigishwa kazi maofisini huko Ulaya miaka kadhaa ndo zikaletwa huku, halafu mtu anashangaa chaji inaisha kwa lisaa limoja na nusu, anakimbia kwa fundi na fundi jibu lake ni moja tu, betri imekufa. Inaweza kweli ikawa imekufa. Ila ziko nyingi tu ambazo betri bado ina nguvu zake na kinachoimaliza ni setingi, na hizo unabadilisha mwenyewe bure kabisa. Naongelea Windows 10 na 11 maana ndo zipo kwa wengi.

Anza kwa kupima, usianze kubadilisha vitu kwa kubahatisha. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, Enter, kikija kile kidirisha cheusi andika powercfg /batteryreport halafu Enter tena. Kitakuambia ripoti imewekwa wapi, mara nyingi ni kwenye folda yenye jina lako ndani ya C:\Users, faili linaitwa battery-report.html, lifungue kwa brauza yoyote. Usihangaike na majedwali yote, tafuta mistari miwili, "Design capacity" na "Full charge capacity". Ule wa kwanza ni uwezo wa betri ilivyotoka kiwandani, wa pili ni kiasi kinachoingia leo hii ukichaji mpaka mia. Tuseme ya kwanza inasoma 50,000 mWh na ya pili 30,000, maana yake umebakiwa na 60%, ni sawa na dumu la lita 20 ambalo chini kuna mchanga wa lita 8, utalijaza mpaka mdomoni lakini maji ni lita 12 tu.

Sasa hapa ndo pana hesabu yenyewe, na ukiielewa hii mengine yote yanakuwa rahisi. Hiyo 30,000 mWh ni sawa na wati 30 kwa saa moja. Laptopu yako ikiwa inakula wati 15, unapata masaa mawili. Ukiishusha mpaka ikawa inakula wati 8 unapata kama masaa matatu na dakika 45, betri ileile, hujanunua chochote. Kwa hiyo kazi yetu ni kutafuta nani anakula hizo wati.

Mlaji wa kwanza ni skrini. Watu wanapuuza kwa sababu ni kitu rahisi mno, lakini mwanga wa skrini ukiwa mia kwa mia ndani ya chumba unachoma chaji bure, shusha mpaka 40 hivi uone kama macho yanalalamika, mengi hayalalamiki. Weka skrini ijizime baada ya dakika 3 usipoigusa. Kama laptopu yako ni ya gemu yenye skrini ya 120 au 144 Hz (yaani mara ngapi skrini inajichora upya kwa sekunde), nenda Settings, System, Display, "Advanced display" uirudishe 60 ukiwa huna umeme. Na hili la kuweka rangi nyeusi kila mahali eti linaokoa chaji, hapana, linasaidia kwenye skrini za OLED tu, hizi za LCD tulizonazo taa ya nyuma inawaka vilevile hata ukiweka weusi wa usiku wa manane. Weka kwa ajili ya macho kama unapenda.

Halafu njoo kwenye power mode. Windows 11 ingia Settings, System, "Power & battery", pale kwenye "Power mode" chagua "Best power efficiency". Windows 10 bonyeza alama ya betri pale chini kulia, kuna kitelezi, kisogeze kushoto. Ukikuta kitelezi hakipo au hakikubali, kuna uwezekano mkubwa aliyekuwekea Windows aliacha plani ya "High performance", wapo mafundi wanafanya hivyo ili mteja akijaribu dukani aone mashine ni nyepesi. Fungua Control Panel, Power Options, rudisha kwenye "Balanced", utakiona. Battery saver nayo kwa kawaida inajiwasha chaji ikifika 20%, lakini nani kasema usubiri mpaka hapo, iwashe mapema ukijua umeme unakatika (kwenye Windows 11 za karibuni wameibadilisha jina, inaitwa "Energy saver").

Mlaji wa pili ni prosesa. Prosesa imeandikwa 2.6 GHz lakini ikipata kazi kidogo inajirusha juu zaidi ya 3, na inapojirusha inahitaji na volti kubwa zaidi, ndo maana feni inaanza kupiga kelele na chaji inashuka huku unaangalia. Unaweza kuizuia isijirushe ukiwa kwenye betri: Control Panel, Power Options, "Change plan settings", "Change advanced power settings", fungua "Processor power management" kisha "Maximum processor state", pale kwenye "On battery" toa 100 weka 99. Asilimia moja tu! Inaonekana utani lakini kwenye Intel nyingi za umri huu inazima kabisa ule mrusho. Word, Excel na kuperuzi hutaona tofauti, ila kama una-render video (unaitoa video uliyohariri iwe faili kamili) utaona imekuwa nzito, hapo chomeka chaja. Usiwe mjanja ukaweka 30 au 40, mashine inakuwa kobe, kazi ya dakika moja inachukua tatu na skrini muda wote huo inawaka. Kama hiyo sehemu huioni, usilazimishe, laptopu mpya nyingi imefichwa.

Sasa kwenye kufunga mfuniko, hapa ndo watu wengi wanaliwa bila kujua. Umefanya kazi mpaka 70%, umefunga, umeweka begini, asubuhi unafungua iko 20 au imezima kabisa. Ukifunga, laptopu inalala tu, RAM (kumbukumbu ya muda inayoshikilia kazi ulizofungua) bado inapewa umeme, na kuna aina ya kulala ya kisasa ambayo mashine inabaki inafanyafanya vitu vyake humo begini mpaka unaikuta ya moto. Andika powercfg /a kwenye kile kidirisha cheusi, ukiona kwenye orodha ya zinazopatikana imeandikwa "S0 Low Power Idle" basi yako ni hiyo. Dawa ni kuiambia ukifunga i-hibernate, yaani imwage kila kitu kilichopo kwenye RAM kwenda kwenye diski halafu ijizime kweli, ukiwasha unakuta kazi yako palepale ulipoiacha. Control Panel, Power Options, "Choose what closing the lid does", kwenye "On battery" weka "Hibernate". Kama hilo chaguo halipo, fungua cmd kwa kubonyeza kulia na kuchagua "Run as administrator", andika powercfg /h on, rudi utalikuta. Itakula GB kadhaa kwenye C, ndo gharama yake. Wenye HDD zile za kuzunguka, subirini taa ya diski itulie kabla hujatupia begini, usiibebe ikiwa bado inaandika.

Na nyie mnao-share bando kutoka kwenye simu kwa waya wa USB, mnajua simu inachaji kutoka kwenye laptopu? Simu yenye betri ya 5,000 mAh inabeba kama wati 19 kwa saa, laptopu yetu ya mfano ilikuwa na 30 tu, maana yake ukiijaza simu kutoka sifuri umeshagawa zaidi ya nusu ya betri. Tumia hotspot ya WiFi ukiwa huna umeme. Flash, modemu, HDD ya nje, mausi yenye mataa, taa za kibodi, vyote hivyo chomoa au zima kama huvitumii.

Programu za nyuma ziangalie kwa Ctrl+Shift+Esc, kuna safu imeandikwa "Power usage", inayosoma "Very high" na wewe huitumii ifunge, na kwenye "Startup" zima zile zinazojiwasha zenyewe. Chrome ina "Energy Saver" kwenye Settings, "Performance". Kwa wenye Intel kizazi cha 4 wanaopenda YouTube kuna kitu kingine, hizo chipu hazina sehemu yake maalumu ya kufungua video za VP9 (aina ya ubanaji wa video), ambazo YouTube inakurushia sana, kwa hiyo prosesa inabeba mzigo wote yenyewe. Kuna kiongezo cha brauza kinaitwa h264ify, kinailazimisha YouTube ilete H.264 ambayo chipu inaifungua kiulaini. Na kama skrini yako ni 1366 kwa 768, video ya 1080p ya nini? Weka 720.

Kama laptopu inashinda kwenye chaja kutwa nzima, izuie isikae mia muda wote, betri za lithiamu hazipendi kukaa zimejaa huku zina joto. Lenovo wana programu ya Vantage unaweka kikomo, Dell na HP za ofisini ziangalie kwenye BIOS (ile menyu ya setingi unayoingia kabla Windows haijawaka), Asus ipo MyASUS, wengi wanaweka 80. Ukisikia kesho umeme hakuna, toa kikomo usiku ujaze mpaka juu. Na uache kuiweka juu ya godoro, matundu ya hewa yanaziba.

Ukimaliza yote, chomoa chaja, tumia siku mbili tatu kama kawaida yako halafu toa ripoti tena ulinganishe. Kama bado inakata ghafla ikiwa 30% bila hata kutoa onyo, hapo seli zimechoka, setingi haziwezi kitu, nenda kwa fundi na modeli ya betri uliyoisoma kwenye ripoti yenyewe na uhakikishe volti zinalingana na ya zamani. Na ukiona touchpad (ile padi ya kugusa chini ya kibodi) imeinuka au mfuniko wa chini umetuna, usisubiri ripoti wala nini, zima, usiichaji tena, betri itolewe.