Chakula cha kuwashukuru walimu: hesabu ya pilau ya watu 40

Siku ya Walimu Duniani ni 5 Oktoba. Kwa shule ya msingi ya Tanzania tarehe hiyo inafaa, maana kwa kawaida darasa la saba wameshamaliza mtihani wao Septemba. Ikiangukia Ijumaa, pakueni saa 8 mchana, watu wakishatoka msikitini.

Ongeeni kwanza na mwalimu mkuu na kamati ya shule, halafu mwombe orodha ya watumishi ofisini. Orodha hiyo mara nyingi huwaacha mlinzi, mpishi wa uji, walimu wa kujitolea na wa mazoezi. Hao wanakuja, na ni haki yao. Mkipata majina 36, pikeni sahani 40. Michango iende kwa mweka hazina mmoja kwa simu, ifungwe wiki moja kabla. Isipitie kwa watoto hata kidogo: asiyeleta ataaibika mbele ya mwalimu wake.

Sahani 40 zinataka mchele kilo 6, nyama ya ng'ombe yenye mifupa kilo 6, viazi kilo 2, vitunguu kilo 2, mafuta lita moja na nusu, tangawizi na vitunguu saumu robo kilo kila kimoja, pamoja na viungo vya pilau. Nyama itoke bucha la halali, na tengeni sufuria ndogo ya maharage kwa wasiokula nyama. Msiongeze chapati, ndizi na wali wa nazi ili meza ipendeze. Pilau moja ya moto inatosha.

Pikeni kwenye sufuria mbili, kilo 3 kila moja. Kilo 6 zikikaa pamoja, chini huungua wakati juu bado kuna kiini. Kila sufuria ipate supu ya nyama lita 5 hivi. Mchele mpya unataka pungufu, wa zamani zaidi. Supu ikikauka, punguzeni moto chini na mpalie makaa juu ya mfuniko. Kama mnakula saa 7, nyama iwe jikoni saa 3 na nusu asubuhi, na jiko likae mahali ambapo moshi hauendi madarasani.

Kachumbari ni nyanya kilo 3 na vitunguu kilo moja na nusu, vilivyofikichwa kwa chumvi na kuoshwa. Ndimu na chumvi ya mwisho vitiwe dakika kumi kabla ya kupakua, la sivyo inageuka mchuzi.

Soda kreti 2 za chupa 24 zinatosha, na awepo mtu wa kuhesabu chupa tupu. Wazazi ndio wanaonawisha, kupakua na kuosha vyombo; mkiwaachia walimu wa kike masufuria, mmewaongezea kazi. Hotuba zije baada ya kula, mbili tu. Pilau iliyobaki igawiwe palepale: kwa joto la Dar es Salaam, nyama ikikaa nje zaidi ya saa mbili haifai kubebwa nyumbani.