Mambo ya kuzingatia kabla ya kuchanganya triathloni, zazen na uchokonozi wa vifaa

Watu wa aina hii wanazidi kuongezeka: alfajiri wako bwawani wakijiandaa kwa triathloni, yaani mashindano ya kuogelea, baiskeli na kukimbia mfululizo; jioni wameketi kwenye mto wa kutafakari wakifanya zazen, kuketi kimya kwa namna ya Wabudha wa Zen; usiku wameinamia meza wakilehemu kihisi cha baiskeli. Ni maisha mazuri, na mimi mwenyewe ndiyo ninayoishi. Ila kila moja kati ya haya matatu lina hatari zake, na yakikutana yanazaa hatari nyingine ambayo huikuti kwenye mwongozo wa lolote kati yake. Hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Soma mpaka mwisho kabla hujanunua chochote.

Pima afya kwanza. Mweleze daktari waziwazi kwamba unataka mchezo wa saa nyingi, na kama katika ukoo wenu kuna aliyefariki ghafla kwa moyo akiwa bado kijana, litaje hilo kabla hujaulizwa.

Chagua masafa unayoyaweza. Mashindano mafupi ni kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20 na kukimbia kilomita 5. Yale ya Olimpiki, yaliyoingia kwenye michezo ya Sydney mwaka 2000, ni mara mbili ya hapo. Ironman ni kuogelea kilomita 3.8, baiskeli 180, kisha marathoni nzima. Ya kwanza ilifanyika Hawaii mwaka 1978: walianza watu 15, wakamaliza 12, na mshindi Gordon Haller alikuwa njiani kwa zaidi ya saa 11. Usianzie huko kwa sababu umependezwa na medali ya mtu.

Jifunze maji ya wazi mapema. Bwawani kuna ukuta wa kushika na mstari wa kufuata chini. Ziwani na baharini hakuna. Fanya mazoezi ya kuinua macho kutafuta alama huku unaogelea, vaa kofia ya rangi kali, vuta boya, na usiingie peke yako.

Baiskeli: breki, tairi, skrubu zote, kila mara kabla ya kutoka. Helmeti ifungwe kamba kidevuni kabla hujaigusa baiskeli siku ya mashindano, la sivyo mwamuzi atakuadhibu. Vipokea sauti vya masikioni acha nyumbani. Kwenye mashindano ni marufuku, na barabarani vinakunyima mlio wa gari linalokuja nyuma yako.

Chakula cha njiani kijaribu mazoezini. Kwa mazoezi ya saa kadhaa watu wengi huhitaji gramu 30 mpaka 60 za wanga kwa saa, na tumbo lililozoezwa linaweza kufika 90 likipewa mchanganyiko wa glukosi na fruktosi. Maji nayo yana kipimo. Ukinywa kupita kiasi kwa saa nyingi, chumvi ya damu inapungua, ubongo unavimba, na watu wamekufa hivyo wakidhani wanajikinga na kiu. Kunywa ukisikia kiu.

Sasa vifaa. Kanuni yangu ya kwanza haina mjadala: wiki mbili kabla ya shindano, bisibisi inawekwa chini. Hakuna kusasisha programu ya saa, hakuna kubadilisha kihisi, hakuna kujaribu kishikio ulichokichapisha kwa printa ya 3D jana usiku. Sasisho linaweza kufuta mipangilio yako au kuvunja mawasiliano kati ya saa na kihisi, na utagundua ukiwa umeshapanda baiskeli. Kihisi cha nguvu za kanyagio kisawazishe kwenye sifuri asubuhi hiyohiyo, baada ya baiskeli kukaa nje na kuzoea joto la hapo. Weka betri mpya, mara nyingi ni aina ya CR2032, kwenye mkanda wa kifua unaopima mapigo ya moyo, na nyingine iwe mfukoni.

Betri za lithiamu ziheshimu. Seli moja ya kawaida haipaswi kuvuka volti 4.2 ikichajiwa, kwa hiyo usiunganishe seli za kuokoteza bila kidhibiti chake. Iliyovimba haitobolewi wala hairudishwi kwenye chaja. Inapelekwa zinapokusanywa betri chakavu. Na usichaji kitu ulichokiunda mwenyewe huku umelala.

Jua pia vifaa vyako vinashindwa wapi, usije ukatafuta ugonjwa usio nao. Mawimbi ya redio hayapenyi maji vizuri, ndiyo maana saa hupata setilaiti pale tu mkono unapotoka juu, na ramani ya kuogelea kwako ikaonekana umepita nchi kavu. Mkanda wa kifua nao kwa kawaida hauwezi kuzungumza na saa chini ya maji. Ulio bora hutunza takwimu na kuzituma ukishatoka. Kihisi cha kifundo cha mkono, kile chenye taa ya kijani nyuma ya saa, wakati mwingine hunasa mdundo wa hatua zako badala ya mapigo ya moyo. Ukiona 175 na unaongea bila kuhema, linganisha na vidole viwili shingoni kabla hujaingiwa na hofu. Na saa iliyoandikwa inahimili mita 50 imepimwa kwa shinikizo la maji yaliyotulia ikiwa mpya. Mpira wake huchakaa, sabuni huuharibu, na ukishaifungua wewe kwa mikono yako, hesabu kwamba haizuii maji tena mpaka uihakikishe.

Upande wa kuketi. Usilazimishe magoti kukunjika mara tu baada ya saa nne za baiskeli, wakati nyonga zimekaza kama kamba iliyolowa. Kiti kinatosha, mgongo ukiwa umenyooka na nyayo zimekanyaga sakafu. Anza na dakika kumi. Hesabu pumzi zinazotoka, moja mpaka kumi, kisha urudi kwenye moja. Ukipotea, rudi kwenye moja bila kujigombeza. Saa ivue. Mguu ukifa ganzi usisimame ghafla, maana kifundo hupinda vibaya kabla mguu haujaamka, na hapo msimu wako umeishia sebuleni.

Katika monasteri za Zen, kazi za mikono, wanazoziita samu, huhesabiwa kuwa sehemu ya mazoezi sawa na kuketi. Hili ndilo daraja ninalolipenda kuliko yote kati ya zazen na meza ya fundi. Lehemu kiungo kimoja, kitazame kikiyeyuka, king'ae, kipoe, ndipo uende kwa kingine. Fungua dirisha, moshi wa flaksi, dawa inayosaidia lehemu kushika, usiuvute, vaa miwani. Simu iwe chumba kingine. Mtu anayelehemu hivi haunguzi vidole.

Sasa nije kwenye pumzi na maji. Ukisahau mengine yote, hili lishike.

Mwenzangu mmoja wa mazoezi alikuwa na karama zote tatu. Ameketi zazen miaka mingi, anaogelea kutushinda wengi wetu, na mkono wake ni wa ufundi. Alikuwa akisumbuliwa na msukumano wa mwanzo wa mashindano, pale mamia wanapoingia majini pamoja na mtu anapigwa viwiko usoni. Akaona atautafutia dawa. Aliandika programu ndogo ya saa yake: unabonyeza, unazama, saa inatetemeka kila sekunde 15, na likifikiwa lengo la siku, kioo kinawaka chote na mtetemo unakuwa mrefu. Kila lengo likitimia, programu inalisogeza mbele. Kabla ya kuzama alivuta pumzi nzito za harakaharaka, nyingi, akisema anajaza hewa.

Siku hiyo bwawa lilikuwa na watu na mwokoaji yupo kitini. Alizama kwenye mstari wa pembeni, akaelea kifudifudi karibu na ukuta, mikono imelegea. Wote tulikuwa tumeshamzoea katika mkao huo. Aliyeshtuka ni mama mmoja aliyekuwa akipumzika ukingoni: aliona mwanga chini ya maji, kioo cha saa kikiwaka na kuzima, kikiwaka na kuzima, na mkono uliovaa ile saa hausogei kuizima. Akamgusa bega. Mwili ukageuka wenyewe, mdomo wazi, midomo ya rangi ya zambarau.

Tulimtoa. Mwokoaji akampulizia hewa, na baada ya pumzi chache alikohoa maji, akavuta hewa kwa sauti ambayo sitaki kuisikia tena. Hospitalini walimlaza chini ya uangalizi. Yuko hai, anaogelea mpaka leo. Lakini alipoweza kuongea alituambia jambo ambalo kila anayetafakari anapaswa kulijua: hakusikia shida yoyote. Hamu ya kupumua haikumjia. Alijiona ametulia kuliko siku zote.

Sababu yake ni hii. Kinachomsukuma mtu kutafuta hewa ni hasa kupanda kwa kaboni dioksidi katika damu. Kushuka kwa oksijeni mwili huchelewa kukushtukia. Ukipumua kwa nguvu na haraka mara nyingi, unaitoa kaboni dioksidi kwa wingi, lakini oksijeni karibu huiongezi, kwa kuwa damu ya mtu mzima wa afya tayari imejaa oksijeni takriban kwa kiwango chake cha juu. Kwa hiyo unazama ukiwa umekizima king'ora. Oksijeni inaendelea kupungua, misuli inaitumia, ubongo unakosa, unazimia kimya kabla kaboni dioksidi haijafika pale pa kukulazimisha uinuke. Ubora wa kuogelea haukukingi. Mtu aliyezoea kuutuliza mwili wake yuko hatarini zaidi, kwa sababu zile dalili ndogo zinazomtisha mgeni yeye ameshajifunza kuzitazama zikipita.

Basi sikiliza. Usivute pumzi za nguvu mfululizo kabla ya kuogelea, hata tatu nne za kujitia moyo ziwe za kawaida. Usishindane na saa kubana pumzi ndani ya maji, hata kama kuna mwokoaji, maana aliyezimia na aliyetulia wanafanana kwa aliyekaa juu ya kiti. Usiandike programu inayompandishia mtu lengo la kukosa hewa, wala usiipakue iliyoandikwa na mwingine. Ukimwona mtu ameelea kifudifudi bila kusogea, mguse, afadhali akukasirikie. Na aliyezimia majini aende hospitali hata akisema amepona, kwa kuwa maji yaliyoingia mapafuni yanaweza kumletea shida saa kadhaa baadaye.

Zazen haina hatia katika hili. Pumzi ya zazen huachwa iingie na itoke inavyotaka, unaihesabu, huiamrishi. Anayebana pumzi kwa ajili ya namba ameshatoka kwenye zazen, hata akiwa ameketi vizuri namna gani. Ukitaka utulivu majini, njia zipo: elea chali mpaka mabega yalegee, toa pumzi yote puani uso ukiwa ndani ya maji kila mkono unapovuta, halafu waite wenzako watano mwogelee mmesongamana, mgusane, mgongane, mzoee. Hofu ya mwanzo wa mashindano inakufa hivyo.

Kosa linalofanana na hilo liko nchi kavu: kutumia utulivu kufunika maumivu. Uchovu unaosambaa mwilini ukae nao, utazame. Lakini maumivu yaliyojikita sehemu moja ya mfupa, unayoweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole na yanayozidi kila unapotua mguu, yanaweza kuwa ufa, na ufa hautibiwi kwa kuuhesabia pumzi. Acha kukimbia, kapimwe. Kifua kikibana, kizunguzungu kikija, moyo ukienda mbio bila mpangilio, simama hapohapo. Hakuna mwalimu wa Zen mwenye akili timamu atakayekuambia uendelee.

Joto kali nalo. Mkimbiaji akianza kuongea ovyo au kuyumba, mpoze kwanza, mzamishe kwenye maji ya baridi sana shingo na kichwa vikiwa juu na mtu amemshika, huku mwingine anaita gari la wagonjwa. Usingoje gari ndipo uanze kumpoza.

Njia zako usiziweke wazi kwa kila mtu. Ramani ya mazoezi ya watumiaji iliyotolewa mwaka 2017 na Strava, programu ya kurekodi mazoezi, ilionyesha mpaka njia za kukimbilia ndani ya kambi za kijeshi, sembuse mlango wa nyumba yako. Ficha mwanzo na mwisho wa kila safari, na nakala za takwimu zako ziweke pia kwenye diski yako mwenyewe.

Mvua ya radi ikianza, toka majini. Taa ya nyuma iwake hata mchana. Kucha zikate kabla ya mbio ndefu. Mwambie mtu wa nyumbani unapita wapi na utarudi saa ngapi, na ukichelewa mpigie. Jina lako, kundi la damu kama unalijua kwa hakika na namba ya simu ya mtu wako viandike kwenye karatasi, uilaze ndani ya mfuko wa nailoni na kuuweka chini ya tandiko, kwa kuwa simu huzimika na saa huvunjika. Miwani ya kuogelea beba mbili.